Mpeni binti chakula

Leo ukienda ibadani itazame kwaya ya watoto inapopanda mbele kuimba. Mwalimu wao huwapanga kwa kimo: warefu nyuma, wafupi mbele. Mgeni akiwaona wale wa mstari wa mbele hudhani ndio wadogo kwa umri. Baada ya ibada mwite mmoja wao, umsalimie, umuulize yuko darasa la ngapi. Huku kwetu Shinyanga na Geita usishangae ukisikia "la sita" kutoka kwa mtoto uliyemdhania wa darasa la pili. Ana miaka kumi na miwili. Maneno yake ni ya binti anayeanza kuelewa mambo, lakini mwili wake ni wa mtoto wa miaka minane.

Sisi wakubwa tukimwona mtoto huyo huwa tunasema moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaosema, "Ukoo wao ndivyo walivyo, wafupi." Wapo pia waliowahi kukaa kwenye foleni ya kliniki wakasikiliza somo la lishe, nao husema kwa huruma, "Huyo alishadumaa, hakuna la kufanya tena." Ni kauli hii ya pili ninayotaka tuizungumze leo. Ndani yake mna nusu ya ukweli, na nusu hiyo inatosha kumnyima mtoto sahani ya chakula.

Tufungue Injili ya Marko, sura ya tano, kuanzia mstari wa 21. Yairo, mkuu wa sinagogi, alimwendea Yesu na kumwangukia miguuni kwa ajili ya binti yake mgonjwa. Wakiwa bado njiani, watu wakaja kutoka nyumbani kwake na ushauri ambao kwa akili za kibinadamu ulikuwa wa busara: mambo yamekwisha, mwache Mwalimu aende zake. Yesu akaendelea na safari. Akaingia chumbani, akamshika binti mkono, naye akainuka akatembea. Marko anachukua taabu ya kututajia umri wa binti huyo: alikuwa na miaka kumi na miwili.

Wahubiri wengi tunaishia hapo, watu wakipiga vigelegele. Lakini sura ile ina mstari mmoja zaidi. Wakati kila mtu nyumbani amepigwa na bumbuazi, Yesu anawaagiza wampe binti chakula. Aliyemfufua kwa neno angeweza kumshibisha kwa neno. Kazi hiyo hakuifanya Yeye. Aliwaachia baba, mama na waliokuwamo nyumbani.

Sasa turudi kwa binti wetu wa mstari wa mbele. Udumavu hupimwa kwa urefu. Mtoto anapimwa, kisha urefu wake unalinganishwa na wa watoto wa umri wake wanaokua vizuri. Akiwa chini mno ya kiwango hicho, huhesabiwa kuwa amedumaa. Mtaalamu hasemi kwamba ufupi ni aibu au ugonjwa. Zakayo alikuwa mfupi, na Yesu alikwenda kula nyumbani kwake bila kumwongezea hata nchi moja. Ufupi wa mtoto aliyedumaa ni alama ya nje tu. Inatuambia kwamba kwa muda mrefu mwili wake ulikosa chakula cha kutosha na cha mchanganyiko, au ulikuwa ukipigana na maradhi, ukajibana ili uishi. Uliobana mifupa mara nyingi umebana pia damu, kinga na ubongo.

Taifa letu limepiga hatua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta ni asilimia 30. Tumshukuru Mungu, na tuwashukuru wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lakini utafiti huohuo ulikuta kwamba mkoani Geita watoto takriban wanne kati ya kumi wamedumaa. Huu ndio mkoa ambao mgodi wake mkubwa umekuwa ukitoa dhahabu tangu mwaka 2000. Msichana aliyezaliwa mwaka ule leo huenda ni mama, naye anampeleka mwanawe kwenye mizani.

Unaweza kuuliza, inakuwaje penye dhahabu pawe na udumavu? Waulize wenzetu wa Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, ambayo ndiyo iliyoongoza kwa udumavu katika utafiti ule. Ghala lililojaa na mfuko uliojaa ni kitu kimoja. Sahani ya mtoto ni kitu kingine. Kwenye machimbo yetu madogo, fedha huja ghafla na huondoka ghafla. Baba yuko kwenye duara wiki tatu. Mama ameamka alfajiri kuponda mawe au kuuza chakula karibu na karasha. Mtoto wa miezi minane ameachwa na dada yake wa miaka tisa, na kilichobaki sufuriani ni uji mweupe wa mahindi. Vijijini nako, Kishapu au Mbogwe, kuku hutaga na mayai yakaenda mnadani. Ng'ombe wapo zizini, lakini ni wa mahari na wa akiba. Mtoto anashiba michembe na matobolwa. Tumbo limejaa, ila viazi peke yake havijengi mwili. Ongeza maji ya kisima kisichofunikwa, kuharisha kila mwezi, minyoo, na kichocho kilichozoeleka Kanda ya Ziwa. Hata kile kidogo anachokula anakigawana na wadudu.

Wataalamu wanatufundisha juu ya siku 1,000. Hesabu yake ni rahisi: miezi tisa ya mimba na miaka miwili ya kwanza. Katika siku hizo ubongo hukua kwa kasi ambayo haitarudi tena, na mwili hupanga msingi wake. Fundisho hili ni la kweli, nami nalisisitiza. Mama mjamzito ale vizuri na apewe nafasi ya kupumzika. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita, kisha aongezewe chakula cha mchanganyiko huku akiendelea kunyonya. Huko Guatemala, watafiti waliwagawia watoto wa vijijini kinywaji kizito chenye lishe kati ya mwaka 1969 na 1977, kisha wakawafuatilia hadi ukubwani. Wanaume waliokipata kabla ya kufikisha miaka mitatu walikuja kuwa na ujira mkubwa kuliko wenzao. Kwa waliokipata wakiwa wamevuka umri huo, tofauti hiyo haikuonekana. Basi mwenye mimba au mwenye mtoto mchanga asisome makala haya akasema, "Kumbe muda upo." Muda wake ni leo.

Lakini fundisho la siku 1,000 lilitolewa ili tuwahi. Tumelichukua na kulifanya hukumu kwa waliochelewa. Tunamtazama wa miaka kumi na miwili kama wale wajumbe walivyomtazama binti wa Yairo: mambo yamekwisha.

Mambo hayajakwisha, na ushahidi hauko mbali. Jirani zetu wa Kagera ni miongoni mwa watu waliofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi barani Afrika katika jambo hili. Kati ya mwaka 1991 na 1994 zaidi ya kaya 900 mkoani humo zilihojiwa na watoto wao wakapimwa urefu. Watafiti waliwarudia mwaka 2004, na tena mwaka 2010, wakiwatafuta hata waliohamia mbali. Waliowaacha wakiwa watoto waliwakuta ni watu wazima. Utotoni walikuwa nyuma sana ya kiwango cha umri wao. Ukubwani, sehemu ya pengo lile ilikuwa imezibwa, na sehemu kubwa ya kuziba huko ilitokea walipobalehe. Takwimu za kaya hizohizo zilionyesha pia upande mwingine: walioanza maisha na lishe duni walichelewa kuanza shule na wakasoma madarasa machache. Kwa hiyo mwili ulirudisha baadhi ya vilivyopotea, lakini si vyote, na haukurudisha bure.

Kwingine pia wameona hivyo. Watoto wa Ethiopia, India, Peru na Vietnam walifuatiliwa tangu wakiwa na mwaka mmoja. Waliokuwa wamedumaa kisha wakapona kufikia umri wa miaka minane walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya shule kuliko wale waliobaki wamedumaa. Vijijini Gambia, vijana walikutwa wakiendelea kurefuka katika umri ambao vijana wa Uingereza walikwisha simama. Mwili uliokosa chakula huchelewa kubalehe, na kwa kuchelewa huko hujiongezea muda wa kukua. Mimi naona hapo rehema ya Muumba, aliyeweka mlango wa pili nyuma ya nyumba kwa ajili ya waliokuta wa mbele umefungwa. Ni mlango mwembamba kuliko ule wa kwanza, lakini upo. Na binti wa miaka kumi na miwili amesimama mbele yake.

Watu wa Shinyanga hatuna haki ya kulionea shaka jambo hili, kwa sababu tumeliona kwenye ardhi yetu. Wazee wanakumbuka jinsi misitu ilivyofyekwa, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba, hadi watu wakauita mkoa huu jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Miche ilipandwa, lakini kazi kubwa ilifanywa na desturi ya zamani ya Wasukuma, ngitili. Familia au kijiji hutenga eneo la malisho, mifugo isiingie mpaka kiangazi. Visiki vilivyoonekana vimekufa vilikuwa na mizizi hai chini. Vikachipuka. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti na nyasi. Ayubu katika mateso yake aliuonea wivu mti uliokatwa, kwa sababu ukipata harufu ya maji tu huchipuka tena (Ayubu 14:7–9). Sisi tumeona kwa macho yetu alichokisema.

Lakini ngitili ina somo ambalo tusiliruke. Kisiki hakikuchipuka kwa sababu tu kilikuwa na mizizi. Kilichipuka kwa sababu watu walikubaliana kuzuia ng'ombe wasikitafune. Kukubaliana huko kulikuwa na gharama: kuna mtu aliyeswaga mifugo yake mbali zaidi kila asubuhi. Binti yetu naye ana mizizi hai. Swali ni nani anamtafuna.

Anatafunwa na njaa ya mchana. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila uji, anatembea kilomita kadhaa, anakaa darasani mpaka saa nane au tisa, anarudi kuteka maji ndipo ale. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba hata chakula cha shule ni kazi ya serikali. Haikuwa hivyo, na jiko la shule likazimwa. Serikali imekwisha kutoa mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni, unaomtaka mzazi, kijiji na shule washirikiane. Mwongozo hauivishi makande. Makande huiva pale mkutano wa kijiji unapokubaliana debe la mahindi na kilo za maharage kwa kila mtoto wakati wa mavuno, kabla mlanguzi hajafika na mizani yake.

Anatafunwa na kazi. Siku za mnada au za mvua haji shuleni, yuko machimboni akisaidia kuponda, kubeba maji, hata kushika zebaki kwa mikono mitupu. Chakula kidogo anachopata kinaishia kwenye kazi hiyo, hakibaki cha kumrefusha.

Na anatafunwa na mahari. Niseme wazi, kwa kuwa tunaosali pamoja ndio tunaopokea ng'ombe hao. Shinyanga kwa miaka mingi imetajwa kati ya mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni. Utafiti wa 2022 ulikuta kwamba nchini kote asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Binti anayebeba mimba kabla hajamaliza kukua hugombea chakula kimoja na mtoto aliye tumboni. Kurefuka kwake huweza kusimama, na mtoto wake yumo hatarini kuzaliwa mdogo. Siku 1,000 za mjukuu wako zinaanzia kwenye mwili wa binti huyu. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikwisha kusema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Sisi waumini hatukupaswa kungoja mahakama.

Sasa tuzungumze fedha. Serikali ilizielekeza halmashauri zitenge angalau Sh1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Ni jambo jema, na diwani wako aulizwe kama zimetengwa, na kama zilizotengwa zimetoka. Lakini angalia pia hesabu inapoishia: miaka mitano. Wa kumi na miwili hayumo. Kwake tunahitaji fungu jingine, na mikoa hii miwili ina pa kulitoa. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inazitaka kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Tumepata madarasa, zahanati na masoko kwa njia hiyo. Naomba waheshimiwa madiwani wakikaa kwenye kikao kijacho waombe pia majiko ya shule, maghala, visima na dawa za minyoo. Jiko halina bango la kuzinduliwa linalopendeza sana, lakini darasa zuri lenye watoto wenye njaa ni kivuli tu cha kulalia.

Kanisa nalo lina lake. Kila Jumapili baada ya ibada tunafanya mnada wa sadaka: kuku, mayai, karanga, choroko, ndizi. Mwenye fedha ananunua, tunacheka, fedha inaingia kwenye ujenzi. Nisingependa mnada ufe. Ninachopendekeza ni hiki: mara moja kwa mwezi, mayai na karanga za mnada ziende kwa watoto wa shule ya Jumapili, wale palepale, kabla hawajarudi nyumbani. Akina mama wa jumuiya waongeze dagaa na mboga za majani kwenye makande. Wazee wa kanisa wakimtembelea mwenye mimba, wamuulize mumewe nani anakula yai nyumbani humo. Na shule ya Jumapili iwe na ukuta uliochorwa mistari ya urefu, watoto wapimwe Januari na Juni, tujue nani hajasogea. Hana aliyempeleka Samweli hekaluni alimshonea kanzu mpya kila mwaka (1 Samweli 2:19). Alijua mwanawe anakua, na alitaka kujua kiasi gani.

Onyo dogo kwa wenye uwezo: kumlisha aliyedumaa si kumnenepesha. Soda, chipsi na maandazi vitamwongezea kiuno bila kumwongezea kimo, na vitamletea maradhi mengine ukubwani. Anachohitaji ni maharage, dagaa, mayai, maziwa, mboga za majani na matunda, pamoja na maji safi. Binti aliyeanza kupata hedhi anahitaji zaidi vyakula vinavyoongeza damu.

Najua utaniuliza: na yule ambaye hata akilishwa hatarefuka tena? Wapo, nao ni wengi. Tusome habari za Mefiboshethi. Alikuwa na miaka mitano yaya wake alipomwangusha akikimbia vita, akalemaa miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Halikuwa kosa lake. Miaka ikapita, Mfalme Daudi akamtafuta, akamwita kula mezani pake siku zote. Mwandishi anamaliza sura ya tisa kwa kutukumbusha kwamba alikuwa bado kiwete. Meza ya mfalme haikumponya miguu. Hata hivyo alikula hapo kama mmoja wa wana wa mfalme, na hakuna aliyesema chakula hicho kilipotea.

Binti wa mstari wa mbele huenda akaongezeka kidogo tu. Huenda akabaki mfupi maisha yake yote. Lakini darasani atakaa akiwa na nguvu za kusikiliza, na siku atakapokuwa mama, kwa wakati wake, mtoto wake ataanza mahali pazuri kuliko alipoanzia yeye.

Marko anasema Yesu aliwaonya sana watu wa nyumba ile wasimtangazie mtu yaliyotokea. Hakutaka sherehe wala sifa. Alichoagiza kifanyike pale pale kilikuwa chakula cha binti. Basi leo, baada ya ibada, mwite yule wa mstari wa mbele. Muulize amekula nini tangu asubuhi, na usimwache aondoke kabla hujafanya kitu na jibu lake.